Denis Villeneuve, kabla ya jangwa na baada yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila sehemu mpya ya Dune, filamu za sayari ya jangwa, inapotoka, maswali hurudi yaleyale. Huyu mwongozaji, Denis Villeneuve, ni nani? Ametokea wapi? Wengi humuona kama mtu aliyeibuka jana na bajeti kubwa mkononi. Alipoanza kurekodi Dune mwaka 2019 alikuwa na umri wa miaka 51 na filamu ndefu tisa nyuma yake, nne kati ya hizo akiwa amezifanya nyumbani, kwa Kifaransa. Majibu haya yanatumia muda mwingi kwenye hizo nne kuliko kurasa nyingine zinavyofanya, na nimeamua hivyo kwa makusudi.

Je, ni Mfaransa, Mmarekani au Mkanada?

Ni Mkanada wa jimbo la Québec, na lugha aliyonyonya kwa mama yake ni Kifaransa. Kumwita Mfaransa ni sawa na kumwita Mbrazili Mreno kwa sababu tu ya lugha anayosema. Watu wa Québec wanaozungumza Kifaransa wametokana kwa sehemu kubwa na walowezi waliovuka Atlantiki tangu karne ya 17. Ufaransa ilipowaachia Waingereza nchi hiyo mwaka 1763, wao walibaki palepale na lugha yao, na hadi leo wamezungukwa na Kiingereza pande zote. Mwaka 1977 jimbo lilipitisha Mkataba wa Lugha ya Kifaransa, sheria iliyokipa Kifaransa nafasi ya kwanza shuleni, kazini na hata kwenye mabango ya maduka. Villeneuve alikuwa mtoto wa miaka tisa. Kizazi chake kilikua kikijua kwamba lugha ni kitu kinachoweza kukuponyoka usipokishika, na ukitazama filamu zake zenye wafasiri, wanaisimu na barua za urithi, utaona kuwa somo hilo hakulisahau.

Jina lake linatamkwaje? Ana undugu na wale madereva wa magari ya mbio?

Deni Vilnevu, ule mwisho ukimezwa kidogo. Maana yake ni "mji mpya". Jina hili ni la kawaida sana Québec, na kulichangia hakuleti undugu na Gilles wala Jacques Villeneuve wa Formula 1.

Alizaliwa na kukulia wapi?

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1967 katika kijiji cha Gentilly, ukingo wa kusini wa mto Saint-Laurent, mahali ambapo leo ni sehemu ya mji wa Bécancour, karibu na Trois-Rivières. Ni nchi tambarare: mashamba, mto mpana, baridi kali na mbingu kubwa. Gentilly ilijulikana pia kwa mitambo ya umeme wa nyuklia iliyojengwa hapo, kwa hiyo jirani na mashamba ya kawaida kabisa kulikuwa na majengo ya zege yanayofanana na kitu kutoka dunia nyingine. Siwezi kutazama yale majengo makubwa ya Dune bila kuikumbuka picha hiyo.

Ni mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mdogo wake, Martin Villeneuve, naye ni mwongozaji wa filamu. Baba yao alikuwa mwanasheria wa hati na mirathi, kazi yenye heshima kubwa Québec: ndiye anayeandika wosia, kusimamia mauzo ya nyumba na kutunza siri za familia nzima ya kijiji. Likumbuke hilo, tutalirudia tukifika Incendies.

Akiwa kijana wa miaka 13 hivi alikisoma kitabu cha Dune cha Frank Herbert, na yeye na rafiki yake wakaanza kuchora michoro ya filamu ambayo waliota kuitengeneza. Miaka zaidi ya 35 ilipita kabla ndoto hiyo haijapata kamera.

Aliingiaje kwenye kazi ya filamu?

Alisomea filamu Chuo Kikuu cha Québec kilichoko Montreal, kinachojulikana kama UQAM. Lakini mlango wenyewe ulifunguliwa na televisheni. Radio-Canada, shirika la utangazaji la umma, ilikuwa na shindano lililoitwa La Course: vijana wachache walipewa kamera, wakatumwa kuzunguka dunia peke yao, na kila mmoja alitakiwa kutuma filamu fupi nyumbani wiki baada ya wiki ili ihukumiwe hadharani. Villeneuve alishinda awamu ya Ulaya na Asia ya mwaka 1990 na 1991.

Fikiria shule ya namna hiyo. Hakuna fundi wa sauti, hakuna wa kukubebea mizigo, hujui lugha ya mji uliofikia, na tarehe ya kukabidhi kazi haisogei. Unajifunza kutazama haraka na kueleza jambo kwa picha, kwa kuwa maneno huna.

Baada ya hapo alifanya kazi na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, taasisi ya umma ambayo makao yake yalihamia Montreal mwaka 1956 na ambayo imelea vizazi vya waongozaji wa Québec. Hapo alitengeneza REW FFWD mwaka 1994, filamu ya nusu saa aliyoirekodi Jamaika. Mwaka 1996 alikuwa mmoja wa waongozaji vijana walioshirikiana kwenye Cosmos, filamu ya visa kadhaa iliyozalishwa na Roger Frappier na kupata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka uliofuata.

Filamu zake ndefu za kwanza zilikuwaje?

Za ajabu kidogo, zenye kiburi cha ujana, na nzuri kuzitazama.

Un 32 août sur terre ya mwaka 1998 ("Tarehe 32 Agosti duniani") inamhusu mwanamke anayenusurika ajali ya gari na kuamua anataka mtoto, na anamwomba rafiki yake wa karibu ndiye awe baba. Rafiki anakubali kwa sharti moja: mtoto atungwe jangwani. Basi wanaruka kwenda Salt Lake City, kwenye tambarare za chumvi. Mtu mdogo katikati ya weupe usio na mwisho: picha hiyo ilikuwepo tayari, miaka 23 kabla ya Dune. Filamu ilioneshwa Cannes.

Maelström ya mwaka 2000 inasimuliwa na samaki. Samaki yuko juu ya ubao, kisu kinamkatakata, na yeye bado anasimulia. Kwetu sisi tuliolelewa na hadithi ambamo sungura anabishana na fisi, jambo hilo halitushtui, lakini ukumbi wa sinema wa Ulaya ulishtuka. Kisa ni cha msichana wa mjini, aliyeigizwa na Marie-Josée Croze, ambaye anamgonga mtu kwa gari usiku na kukimbia, kisha anakutana na mtoto wa marehemu. Ilipata Genie tano, tuzo kubwa za filamu za Kanada wakati ule, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka.

Kwa nini baada ya hapo alinyamaza karibu miaka tisa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na watu wachache hulijibu kwa uzito wake.

Alikuwa na miaka 33. Alikuwa na tuzo, jina, na watayarishaji waliokuwa tayari kumpa fedha za filamu ya tatu. Akasimama. Ameeleza katika mahojiano kwamba alipozitazama kazi zake mbili hakuridhika nazo. Aliona mbinu nyingi na kina kidogo, na hakutaka kurudi mpaka awe na filamu ambayo angeisimamia bila aibu. Alikaa nyumbani, akalea watoto wake, akasoma, akajifunza upya kazi aliyokwisha kusifiwa nayo.

Katika biashara hii, mtu akipotea miaka miwili simu zinaacha kulia. Yeye alipotea karibu kumi. Sijui waongozaji wengi waliothubutu kujihukumu hivyo huku makofi yakiwa bado yanapigwa. Na ukitazama Maelström kisha Polytechnique, moja baada ya nyingine, utaona tofauti kwa macho yako. Ile ya kwanza inataka uone jinsi mwongozaji alivyo hodari. Ile ya pili imemsahau mwongozaji kabisa.

Kati ya filamu hizo mbili kuna moja fupi, Next Floor ya mwaka 2008. Watu waliovaa vizuri wanakula nyama mezani bila kusimama, sakafu inawaelemea na kuvunjika, wanaanguka hadi ghorofa ya chini pamoja na meza yao, wanajipangusa vumbi, wanaendelea kula. Ni dakika zisizozidi kumi na mbili, karibu bila neno. Ilishinda tuzo katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Ukipata nafasi, anza na hiyo.

Polytechnique inahusu nini?

Tarehe 6 Desemba 1989 mtu mwenye bunduki aliingia chuo cha uhandisi cha École Polytechnique, Montreal. Darasani aliwatenga wanaume na wanawake, akawatoa wanaume nje. Aliua wanawake 14 siku hiyo, kwa sababu tu walikuwa wanawake. Villeneuve alikuwa na miaka 22 wakati huo. Montreal ilibeba jeraha hilo kimya kwa muda mrefu, na wengi waliona halipaswi kuguswa na filamu.

Aliyesukuma mradi ni mwigizaji Karine Vanasse, ambaye alikuwa mtayarishaji pia. Filamu ilitoka mwaka 2009, nyeusi na nyeupe, na uamuzi huo wa rangi una maana: damu haionekani nyekundu, kwa hiyo macho yako hayapati kisingizio cha kukaa kwenye damu badala ya kwa watu. Muuaji hatajwi jina. Kamera inabaki na wanafunzi, hasa msichana mmoja anayetaka kazi ya uhandisi wa ndege na mvulana mmoja anayelemewa na swali la kwa nini hakufanya zaidi. Ilirekodiwa mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, ikapata Genie tisa.

Inachukua saa moja na robo hivi. Usiitazame usiku ukiwa peke yako.

Na Incendies? Kwa nini inasifiwa sana?

Kwa sababu ni filamu ambayo ukishaitazama unatembea nayo.

Mwanamke mmoja, Nawal, mhamiaji kutoka Mashariki ya Kati, anafariki Montreal. Mwanasheria wa mirathi anawaita watoto wake mapacha na kuwakabidhi bahasha mbili. Moja ni ya baba yao, waliyeambiwa alikwisha kufa. Nyingine ni ya kaka yao, ambaye hawakujua kama yupo. Mama hatawekewa jiwe la kaburi mpaka barua zifike. Basi wanakwenda kumtafuta mama yao katika nchi ambayo hawakuwahi kuikanyaga. Sitasema zaidi, anayekusimulia mwisho wa Incendies anakuibia.

Hapa ndipo ninapomkumbuka baba yake Villeneuve. Mwanasheria yule kwenye filamu, aliyeigizwa na Rémy Girard, anasisitiza kwamba ahadi kwa marehemu ni kitu kitakatifu. Ameandikwa na kuchezwa kwa upendo ambao mtu aliyekulia nyumba yenye mafaili ya wosia angeweza kuutambua.

Asili yake ni mchezo wa jukwaani wa Wajdi Mouawad, mzaliwa wa Lebanon aliyekulia Ufaransa na Québec. Nchi haitajwi kwenye filamu, ila yeyote anayejua vita vya Lebanon vya mwaka 1975 hadi 1990 ataitambua. Sehemu kubwa ilirekodiwa Jordan. Nawal anachezwa na Lubna Azabal, Mbelgiji mwenye asili ya Morocco, na kwa maoni yangu hakuna mwigizaji katika filamu yoyote ya Villeneuve aliyemfikia. Katika kisa cha basi lililosimamishwa barabarani na wanamgambo, anafanya kwa uso peke yake kile ambacho mwandishi mwingine angekijazia kurasa tatu za maneno.

Iligharimu chini ya dola milioni 7 za Kanada, ikapata Genie nane na kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Québec ni jimbo moja tu. Mbona linatoa waongozaji wengi?

Kwa sababu ya lugha na kwa sababu ya fedha za umma. Mtazamaji wa Toronto anaweza kutosheka na filamu za Marekani, lakini mtazamaji wa Québec anataka kuona watu wake wakisema kama wanavyosema nyumbani, na jimbo pamoja na serikali ya Kanada wamekubali kulipia hilo. Denys Arcand alishinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 2004. Jean-Marc Vallée, aliyefariki Desemba 2021, alianza na filamu ya nyumbani, C.R.A.Z.Y., akafika hadi ya Marekani, Dallas Buyers Club.

Kuna mfululizo mmoja ambao sisi wa huku tunapaswa kuujua. Incendies iliteuliwa Oscar mwaka 2011. Mwaka 2012 ikafuata Monsieur Lazhar ya Philippe Falardeau. Mwaka 2013 ikafuata Rebelle ya Kim Nguyen, kisa cha mtoto aliyetekwa na kufanywa askari, kilichorekodiwa Kongo. Msichana wa Kinshasa, Rachel Mwanza, alishinda tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Berlin kwa filamu hiyo. Miaka mitatu, filamu tatu, jimbo moja. Na mpiga picha mkuu wa Rebelle, Nicolas Bolduc, ndiye aliyepiga picha Enemy ya Villeneuve. Falardeau naye baadaye aliongoza The Good Lie, kuhusu vijana wa Sudan waliofika kambi ya Kakuma, Kenya, kabla ya kupelekwa Marekani.

Alifikaje Hollywood?

Incendies ilimfungulia. Mwaka 2013 zilitoka mbili. Enemy, iliyorekodiwa kwanza, ni filamu ndogo ya Toronto iliyotokana na riwaya ya Mreno José Saramago: mtu anagundua kuna mwingine anayefanana naye kila kitu, na Jake Gyllenhaal anawacheza wote wawili. Picha yake ya mwisho imewafanya watu wabishane zaidi ya miaka kumi. Prisoners ilikuwa ya studio, dola milioni 46, Hugh Jackman akiwa baba ambaye binti yake amepotea na ambaye anaamua kumtesa mtu anayemshuku. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya kazi na mpiga picha mkuu Roger Deakins.

Kisha Sicario, mwaka 2015, mpakani mwa Marekani na Mexico. Kisa cha foleni ya magari kwenye daraja la mpaka kinafundishwa leo na watu wanaotaka kujifunza jinsi ya kujenga hofu. Karibu hakuna kinachotokea kwa dakika nyingi, ni magari yamesimama tu na watu wanatazamana kupitia vioo.

Arrival inahusu nini, na kwa nini walimu wa lugha wanaipenda?

Vyombo kumi na viwili kutoka anga za mbali vinashuka duniani, na jeshi linamchukua mwanaisimu, aliyeigizwa na Amy Adams, ili awaulize wageni wamekuja kufanya nini. Hadithi asilia ni ya Ted Chiang. Wageni wanaandika kwa duara: sentensi nzima inakuja mara moja, haina mwanzo wala mwisho. Anayejifunza lugha yao anaanza kuuona wakati kama wao wanavyouona.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili wazo hili si geni hata kidogo. Sisi tunasema saa moja jua likishachomoza, na aliyekaa mezani pamoja nasi akisema Kiingereza anaiita saa saba. Jua ni moja, saa ya ukutani ni moja, ila siku yetu inaanza na mwanga na ya mwenzetu ilianza usiku wa manane akiwa amelala. Kila aliyewahi kukosea miadi kwa saa sita kamili anajua kwamba lugha inaweza kuushika wakati kwa namna yake.

Filamu hii ilirekodiwa Québec, na lile bonde ambalo chombo kinaelea juu yake liko Saint-Fabien, ingawa kwenye hadithi ni Montana. Maandishi ya duara yalichorwa na msanii wa Montreal, Martine Bertrand, na mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha McGill, Jessica Coon, aliwashauri. Ilitoka mwaka 2016, ikateuliwa kuwania Oscar nane na kupata moja ya uhariri wa sauti, iliyokwenda kwa Sylvain Bellemare, mtu wa Québec. Amy Adams hakuteuliwa, na bado linaniuma.

Je, Blade Runner 2049 ilifeli?

Kifedha, ndiyo. Iligharimu zaidi ya dola milioni 150, ikaingiza takriban milioni 267 duniani kote mwaka 2017, na ukitoa mgao wa kumbi na gharama za matangazo, faida haikuonekana. Ni ya saa mbili na dakika 43 na inakwenda polepole. Lakini ilimpa Roger Deakins Oscar yake ya kwanza baada ya kuteuliwa mara kumi na tatu bila kushinda, na ukiitazama kwenye skrini kubwa utaona kwa nini.

Mbona kwenye Dune nasikia maneno ninayoyajua?

Kwa sababu unayajua kweli. Frank Herbert, alipoandika kitabu chake kilichotoka mwaka 1965, aliwapa watu wa jangwani, Fremen, lugha iliyojaa Kiarabu, na Kiswahili kimechota kisima hichohicho. Mahdi hahitaji maelezo. Lisan al-Gaib: lisani ni ulimi, neno linalojulikana kwa wasomaji wa tenzi, na ghaibu ni yale yasiyoonekana, ndiyo maana anayesoma bila kuangalia kitabu tunasema anasoma kwa ghaibu. Muad'Dib, jina la shujaa wa hadithi, Paul, lina mzizi mmoja na adabu na kuadibu. Na Paul anapopewa jina la siri la Usul, yaani uimara wa msingi wa nguzo, sikio la Mswahili linasikia usuli, asili na shina la jambo. Mtazamaji wa Uingereza anahitaji kueleweshwa. Wewe unaketi tu na kusikiliza.

Hapo pia ndipo penye malalamiko, na ninayaona ya haki. Wahakiki wengi wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini walisema filamu imechukua maneno, mavazi na imani zao, huku nafasi kubwa za waigizaji zikiwaendea wengine. Neno jihadi, lililojaa kwenye kitabu, lilibadilishwa kuwa vita vitakatifu. Sehemu ya pili ilimleta mwigizaji Souheila Yacoub, mwenye asili ya Tunisia, lakini pengo halikuzibika. Ni jambo la kusikitisha zaidi kwa mtu aliyetengeneza Incendies, ambako nyuso na sauti za watu wa eneo lile ndizo zilizokuwa roho ya filamu.

Majangwa yenyewe ni ya kweli: Wadi Rum huko Jordan, na mchanga wa Liwa, Abu Dhabi. Studio zilikuwa Budapest.

Ule ugomvi na studio ulihusu nini?

Desemba 2020, wakati wa Uviko, studio ya Warner Bros. ilitangaza kwamba filamu zake zote za 2021 zingeoneshwa kwenye HBO Max, huduma yake ya kutazama filamu mtandaoni, siku ileile zinapofika kumbini. Villeneuve aliandika barua ya wazi kwenye jarida la Variety akipinga vikali, akisema Dune imetengenezwa kwa ajili ya skrini kubwa. Hakushinda: nchini Marekani ilitoka kote kuwili Oktoba 2021. Hata hivyo iliingiza zaidi ya dola milioni 400, na sehemu ya pili ikaruhusiwa. Hiyo, iliyotoka Machi 2024, ilivuka milioni 700.

Ana Oscar ngapi?

Mwenyewe hana hata moja. Aliteuliwa kama mwongozaji mara moja, kwa Arrival. Dune ya kwanza ilishinda sita kati ya kumi ilizowania, ikiwemo za picha, uhariri na muziki, na bado jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya waongozaji bora. Sehemu ya pili ilipata mbili, za sauti na picha za kompyuta.

Kwa nini wahusika wake husema kidogo?

Amesema wazi kwamba hapendi mazungumzo kwenye filamu. Kwake hayo ni ya jukwaa na televisheni, na sinema ni picha na sauti. Wengi walidhani ni majivuno ya mtu aliyefanikiwa. Mimi naona ni La Course bado inaendelea: kijana mwenye kamera katika nchi ambayo lugha yake haijui.

Ndiyo maana anawashikilia watu wake wa picha na sauti. Patrice Vermette, mbunifu wa mandhari kutoka Québec, yuko naye tangu Enemy na alishinda Oscar kwa Dune. Mhariri Joe Walker yuko naye tangu Sicario. Mtunzi wa muziki Jóhann Jóhannsson wa Iceland alimtungia Prisoners, Sicario na Arrival kabla ya kufariki Februari 2018. Mke wake, Tanya Lapointe, aliyekuwa mwandishi wa habari za utamaduni Radio-Canada, sasa ni mmoja wa watayarishaji wake.

Nianze na filamu ipi? Na watoto je?

Ukiwa na jioni moja tu, Arrival. Ukiwa na moyo mgumu, Incendies. Dune zitazame kwa mpangilio, kwa sababu ya kwanza inakatika katikati ya hadithi. Watoto wadogo waepushwe na karibu zote. Arrival na Dune zinawafaa vijana waliokomaa, ila Polytechnique, Incendies, Prisoners na Sicario ni za watu wazima.

Anafanya nini sasa?

Dune ya tatu, inayotokana na kitabu cha Herbert cha mwaka 1969, ilianza kurekodiwa Budapest katikati ya mwaka 2025, na imetangazwa kutoka Desemba 18, 2026. Juni 2025 studio ya Amazon MGM ilimtangaza kuwa mwongozaji wa James Bond ijayo. Katika tamko lake alirudi utotoni: alisema Bond ni miongoni mwa kumbukumbu zake za kwanza za sinema, na kwamba alizitazama filamu hizo akiwa na baba yake.